Safari yetu ya Kasubi na nepi saba

Mwezi huu zamu ya kuandika safari imetufikia sisi, baba na mama wa mtoto mmoja mchanga. Wengine walioandika hapa walitembea mbali kuliko sisi. Sisi tulifika Kasubi tu, pale Kampala, na kazi kubwa tuliyofanya huko ni kufua nepi. Lakini tulirudi na jambo ambalo kila nyumba yenye mtoto inafaa ilijue, ndiyo maana tumeshika kalamu.

Mtoto wetu alikuwa na miezi mitano. Jicho lake moja lilikuwa linatoa machozi kila siku, tukapewa barua ya kumwona daktari wa macho Kampala, mara mbili, na kati ya mara hizo wiki tatu. Nauli ya kwenda na kurudi mara mbili hatukuwa nayo. Tukaomba ruhusa ya kusafiri, tukafunga mizigo, tukatoka Nakivale alfajiri mwezi wa Aprili, mvua ikinyesha. Tulipitia Mbarara, Lyantonde, Masaka, tukavuka mstari wa ikweta pale Kayabwe mtoto akiwa amelala. Jioni basi likaingia mjini kwa njia ya Busega na Nateete.

Kwenye mfuko wa mtoto tulikuwa na nepi saba. Mbili za taulo tulizopewa na jirani, tatu tulizokata kutoka kwenye shuka kuukuu, na mbili za fulana ya baba. Kitabu cha Sphere, kile mashirika wanachotumia kupima misaada, toleo lake la mwaka 2004 liliandika kwamba mtoto wa chini ya miaka miwili apate nepi 12 za kufua, mahali ambapo watu wamezoea nepi. Tulipoambiwa hivyo tulicheka. Sisi tulikuwa na saba, na hizo saba tulizihesabu kila asubuhi kama watu wanaohesabu mbuzi.

Kasubi yenyewe

Kutoka stendi ya zamani ya takisi unapita Bakuli, unapita Nakulabye, halafu barabara ya Hoima inaanza kupanda. Hapo ndipo Kasubi. Kando ya barabara kuna soko: ndizi za matoke kwa mafungu, nyanya, viatu vya mtumba, mafundi cherehani, na bodaboda wanaoita watu kama wanagombana. Ukiacha barabara na kushuka kidogo kwenye vichochoro, kelele zinapungua, unaanza kusikia watoto na mabeseni.

Dada yetu mkubwa amepanga chumba kimoja kwenye mstari wa vyumba vinane. Baganda chumba cha namna hiyo wanakiita muzigo. Siku ya kwanza mama mwenye nyumba alipotuuliza kama tumeona muzigo wetu, baba akamwonyesha begi. Watu walicheka mpaka jirani wa mwisho akatoka nje. Kwa kweli kile chumba kilikuwa mzigo wa pande zote mbili: watu wazima watatu, watoto wawili wa dada, na mtoto wetu, ndani ya kuta nne.

Vyumba vinane vilikuwa na choo kimoja cha shimo, bomba moja linalofungwa kwa kufuli, na kamba moja ya kuanikia. Maji tulinunua, jerikani ya lita 20 kwa shilingi 200. Kambini kwetu maji tunayalipa kwa foleni, pale Kasubi unayalipa kwa sarafu, lakini mwisho wake ni uleule: unajifunza kuangalia kila kikombe kinakokwenda.

Dada alitushauri tununue pampasi. Tukajaribu, tukanunua moja dukani kwa shilingi 1,000. Hiyo ni bei ya jerikani tano, na mtoto aliimaliza kabla ya saa sita. Halafu ukitaka kuitupa, utaitupa wapi? Ukiitupa chooni shimo linajaa upesi na mama mwenye nyumba anakuja juu. Wengine wanazitupa mferejini usiku. Tuliziona baada ya mvua, zimevimba kama mito, zinaelea kushuka bondeni kwenye kinamasi cha Lubigi. Tukasema basi, turudi kwenye nepi zetu saba.

Tulivyofua

Siku za kwanza tulifua kama tulivyozoea: nepi zote kwenye beseni moja, sabuni nyingi, kusugua, kusuuza mara moja, kwisha. Maji yalikuwa yanakwisha na nepi bado zinanuka. Aliyetusahihisha ni bibi mmoja wa chumba cha pili, Muganda mzee, wote pale wanamwita Jjajja. Alikuwa anakaa mlangoni na mkeka wake akitutazama siku tatu bila neno. Siku ya nne akasema kwa Kiswahili cha kuvunja-vunja, "Nnyabo, unafua mavi na sabuni. Fua mavi na maji kwanza. Sabuni ni ya nguo."

Tukaelewa. Tangu siku hiyo tulifuata utaratibu wake, na hata sasa tunaufuata.

Nepi ya choo inapelekwa chooni hapohapo. Unakwangua kwa kijiti au jani, unaimwagia kikombe cha maji baridi, yale maji yanaingia shimoni. Maji yawe baridi, kwa sababu ya moto yanafanya doa lishike. Na tusidanganyane kwamba choo cha mtoto mchanga ni kisafi. Wengi wetu tumekua tukisikia hivyo, lakini choo cha mtoto kina vijidudu vya kuharisha sawa na cha mtu mzima. Kwa hiyo hakimwagwi uani wala mferejini, na ukimaliza unanawa mikono kwa sabuni kabla hujagusa sufuria.

Nepi ya mkojo nayo isuuzwe, isikaushwe tu na kurudishwa kwa mtoto. Mkojo uliokauka unabaki kwenye kitambaa, ukilowana tena unachoma ngozi. Ule wekundu wa matako ambao tunausingizia meno, mara nyingi ni huo.

Halafu zote zinalowekwa kwenye ndoo yenye mfuniko. Mfuniko ni lazima, na ndoo iwekwe juu, kwa sababu mtoto anayetambaa anaweza kuzama hata kwenye maji kidogo. Usiziache zaidi ya siku moja, zitaoza. Baada ya hapo ndiyo sabuni ya mche na kusugua, kisha kusuuza mara mbili, mpaka povu liishe. Povu likibaki nalo linawasha mtoto.

Siri ya maji ni hii: maji ya kusuuza mara ya mwisho hayamwagwi. Ni karibu masafi, yanangojea kuloweka nepi za kesho. Kwa njia hiyo jerikani mbili zilitosha nepi zote za siku, na kabla ya hapo nne hazikutosha.

Mtoto akiharisha, nepi zichemshwe kwenye sufuria yake ya peke yake. Tulichemsha juu ya sigiri, sisi wengine tunaita babula, wakati makaa ya chakula cha jioni yanakufa, ili tusiwashe moto mara ya pili. Na yule anayetumia Jik kung'arisha, suuza mkojo wote kwanza. Jik ikikutana na mkojo inatoa hewa kali inayobana kifua, na chumba chenyewe ni kimoja, mtoto amelala humohumo.

Jambo lililotupata

Sasa tufike kwenye lile lililotufanya tuandike. Kufua tulijua. Kuanika hatukujua.

Kamba ilikuwa moja kwa vyumba vinane, na sisi tulikuwa wageni. Asubuhi kamba inajaa nguo za wenyeji, mgeni hawezi kusogeza shuka la mtu. Tukawa tunatandaza nepi kwenye majani nyuma ya choo, penye kivuli cha mgomba. Mvua ikija tunakimbia kuziokota, zikiwa mbichi tunamfunga mtoto hivyohivyo, maana saba ni saba.

Siku ya kumi na moja mtoto akaanza kulia kila akilazwa chali. Tukakuta vijipu kwenye matako na kiunoni, viwili, kesho yake vinne, mwisho sita. Kila kijipu kilikuwa na kitundu kidogo juu. Mama alilia. Baba akasema ni sabuni ya mji. Dada akasema ni joto. Na tuseme ukweli wote, usiku ule tulifikiria pia jicho la mtu. Tulianza kumchunguza jirani mmoja ambaye siku tulipofika alimsifu mtoto kwamba ni mnene. Tukaacha kumsalimia vizuri. Mama yule hakuwa na kosa lolote, na tulimwomba radhi baadaye.

Asubuhi Jjajja akatuita. Akamfunua mtoto, akatazama, hakuuliza amekula nini wala nani amemshika. Aliuliza, "Nepi mnaanika wapi?"

Tukamwonyesha majani nyuma ya choo. Akatikisa kichwa.

Kumbe kuna nzi, wengine wanamwita nzi wa maembe, yuko Uganda, yuko Kongo, yuko nchi nyingi za Afrika zenye joto na mvua. Huyo haumi mtu. Yeye anapenda kivuli, anataga mayai kwenye udongo wenye harufu ya mkojo au choo, na kwenye nguo mbichi. Mayai ni madogo, huwezi kuyaona ukikunja nguo. Baada ya siku moja hadi tatu yanaanguliwa, na funza akipata joto la mwili anaingia kwenye ngozi bila mtu kusikia. Ndani ya ngozi anakua siku nane mpaka kumi na mbili hivi, na kile kitundu juu ya kijipu ndicho anapumulia. Nepi mbichi iliyolala kwenye majani ya kivuli, karibu na choo, tulikuwa tumemtandikia kitanda.

Tulimpeleka mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Muuguzi alipaka mafuta ya vaselini juu ya kila kitundu kuziba hewa, akangoja, funza akaanza kujitokeza, akamtoa polepole. Sita wote. Alituonya tusiwahi kuvibinya wenyewe vikiwa vichanga wala kuvitoboa kwa sindano au mwiba, kwa sababu funza akikatikia ndani kidonda kinaoza. Ukiona kijipu chenye kitundu, mpeleke mtoto kwa mhudumu wa afya.

Mama akamwuliza kama ni kwa sababu ya uchafu wetu. Muuguzi akajibu kwamba amewatoa funza hao kwa watoto wa watu wenye nyumba nzuri na wafanyakazi. Nzi haulizi mtu ni mkimbizi au ni tajiri. Anaangalia tu nguo ilipoanikwa, na kama ilipigwa pasi.

Dawa yake, basi, ni hii. Anika kwenye kamba, penye jua kali, usianike chini wala juu ya majani na vichaka. Jua lenyewe linaua vijidudu vingi, na yule nzi halipendi. Anua kabla ya jioni. Halafu piga pasi ya moto pande zote mbili, na usikimbie kwenye pindo na mishono, maana huko ndiko mayai yanajificha na ndiko unyevu unabaki. Nguo isiyopigwa pasi, kama unaweza kungoja, iweke mahali pakavu wiki mbili kabla ya kumvalisha mtoto. Lakini mwenye nepi saba hawezi kungoja wiki mbili. Kwake pasi ndiyo ulinzi.

Jjajja akatuazima pasi yake ya mkaa. Na tangu siku ile majirani wakatuachia kipande cha kamba upande wa barabarani, penye jua. Hatukuomba. Yule mama tuliyemshuku ndiye aliyesogeza nguo zake kwanza.

Kilimani kwa wafalme

Jumapili moja mvua ilipotulia, dada alitupeleka juu kwenye Masiro, makaburi ya wafalme wa Buganda. Kutoka chumbani ni mwendo mfupi wa kupanda. Mama alijifunga kitenge juu ya gauni, viatu tukavua, tukaketi kwa heshima.

Nyumba kuu inaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Kabaka Muteesa I aliijenga mwaka 1882 iwe ikulu yake, na alipofariki mwaka 1884 akazikwa humo. Baada yake waliwekwa humo wafalme wengine watatu: Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Muteesa II. UNESCO iliandika mahali hapo kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 nyumba ile ya nyasi iliungua. Miaka 128 iliondoka kwa usiku mmoja. Kazi ya kuijenga upya ilichukua miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO ikaitoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Tulielezwa kwamba makaburi yenyewe hayaonekani, yako nyuma ya pazia la lubugo, kitambaa cha magome ya mti wa mutuba, rangi ya udongo mwekundu. Nyasi za paa kama zile haziezekwi mara moja zikaachwa. Wako watu wa ukoo maalumu wenye kazi hiyo, na wako wanawake wanaotunza mahali hapo. Bila mikono ya kila siku nyumba ya nyasi haimalizi miaka mingi.

Lililotugusa zaidi ni hili. Kati ya wale wafalme wanne, wawili walifia ugenini. Mwanga alipelekwa na Waingereza visiwa vya Shelisheli, akafa huko mwaka 1903, na mwili wake ukarudishwa mwaka 1910. Edward Muteesa alikimbia mwaka 1966, akafa London mwaka 1969, akarudishwa nyumbani mwaka 1971. Tulikaa kimya pale. Baba akasema kwa sauti ndogo, "Kumbe hata mfalme anaweza kuwa kama sisi." Mtoto akalowanisha kitenge cha mama saa hiyohiyo, ikabidi tutoke nje kumbadilisha kando, na nepi ya sita.

Kutoka kule juu unaona mabati ya Kasubi mpaka Nakulabye, na katikati ya mabati kila mahali kuna kamba. Tulizitazama kwa macho mengine. Ukiona nepi nyeupe kwenye kamba unajua pale kuna mtoto, na pale kuna mtu ameamka mapema.

Tulichorudi nacho

Daktari alimwona mtoto mara ya pili, akasema jicho linaendelea vizuri, tuendelee kumkanda kama alivyotuonyesha. Pesa kidogo iliyobaki tulikuwa tumepanga kununua gauni la mama. Tukapita soko la Kasubi, tukanunua pasi ya mkaa ya mtumba, yenye mpini wa mbao uliopasuka. Kwenye basi tuliipakata kwa zamu, mmoja mtoto, mmoja pasi.

Jjajja alitusindikiza mpaka barabarani. Alimpa mtoto nepi moja ya taulo, kuukuu lakini safi, imepigwa pasi na kukunjwa mara nne. Kwa hiyo tulikwenda na saba, tukarudi na nane.

Hapa kwetu sasa ile pasi inazunguka nyumba tisa zenye watoto wachanga. Jumatatu inaanza kwetu, jioni inahamia kwa jirani. Sheria ni mbili tu: irudi bila majivu, na anayeichukua aje na makaa yake. Baba naye anapiga pasi, na wanaume waliomcheka wiki ya kwanza, wawili wao sasa wanakuja kuichukua wenyewe. Kamba tumeifunga kati ya miti miwili upande wa mashariki, jua likitoka tu linazikuta nepi.

Akina mama na akina baba, hatuandiki haya kwa sababu sisi ni wasafi kuliko wengine. Tumeandika kwa sababu mtoto wetu aliumia kwa jambo tulilokuwa tunalifanya kila siku kwa upendo, bila kujua. Ukiona mtoto wa jirani ana vijipu vyenye kitundu, usimwogope mtu wala usimseme mama yake. Muulize kama Jjajja alivyotuuliza sisi: nepi mnaanika wapi?

Tuonane mwezi ujao. Zamu inayofuata ni ya familia nyingine, nao watatupeleka kwao.